Jibu la msomaji: Tufundishe palepale penye hatari

Wiki hii mmeuliza: "Kijana mwenye usonji afundishwe vipi kujilinda anapotoka nyumbani?" Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka 14 mwenye usonji (autism), hali ya ubongo inayobadili namna mtu anavyoelewa maneno na watu, hapa Goma upande wa Himbi. Mimi nasema afundishwe palepale penye hatari, kwa mwili wake, kwa sababu maneno ya sebuleni hayamfikishi mbali.

Yeye huyachukua maneno kama yalivyo. Mwambie "angalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka," atageuza shingo kushoto, atageuza kulia, halafu ataingia barabarani mbele ya pikipiki. Amefanya ulichosema. Hakuambiwa anangoja nini: pikipiki ziishe, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ipite, barabara iwe tupu mpaka kwenye kibanda cha vocha. Basi tunaenda hapo hapo. Navuka mimi akinitazama, tunavuka pamoja, kisha anavuka yeye nami niko nyuma yake. Akipatia namsifu papo hapo, akikosea tunarudia. Na tukimaliza mtaa wa Katindo tunaanza upya mtaa wa Birere, maana kwake hiyo ni barabara nyingine kabisa.

Ziwa Kivu linanitisha zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walionyesha kwamba mtoto mwenye usonji aliye chini ya miaka 14 yuko katika hatari ya kufa maji mara 160 kuliko watoto wengine. Na hapa kwetu watoto huteremka Kivu na bidoni kuchota maji. Huwezi kumficha maji. Afundishwe kuogelea, hata kabla ya kusoma na kuandika.

Halafu kuna mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo. Haionekani, na kwa kuwa hukaa chini chini, mbuzi na watoto ndio huanguka kwanza. Utamwelezaje kitu asichokiona? Tulipaka chokaa mawe ya lava kuzunguka shimo lililo karibu nasi, tukazoea: ukifika jiwe jeupe, mguu unasimama, unageuka. Gesi ataielewa siku nyingine.

Liko jambo ambalo wazazi wenzangu hawapendi kulisikia. Watoto hawa tunawafundisha utii mchana kutwa: kaa, nyamaza, toa mkono, msalimie mjomba. Mtu mwenye nia mbaya anamtafuta mtoto wa namna hiyohiyo. Wetu tumemfundisha kukataa. Hakuna wa kumvua nguo, hata ndugu. Anasema "sitaki", anaondoka, anakuja kuniambia. Hata shangazi akitaka kumkumbatia, anaweza kukataa. Wakubwa wengine wamekasirika, na mimi nimewaacha wakasirike.

Lakini mji wetu una watu wenye bunduki, na mbele yao "sitaki" inaweza kumuua. Kelele ikizidi, yeye huziba masikio na kukimbia. Kwa hiyo kaka yangu huvaa koti lake zito, hujifanya mwenye bunduki, husimama njiani, huita "Simama!" kwa sauti inayopanda kidogo kila mara tunaporudia. Kijana anasimama, anafungua viganja, anangoja. Kadi yake inaning'inia kifuani. Hatukutaka iwe mfukoni, ili asilazimike kuingiza mkono mahali ambapo mwenye bunduki haoni. Imeandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa: "Nina usonji. Siongei sana. Usinishike kwa nguvu. Mpigie mama mdogo," na namba mbili za simu.

Haya mawili, kukataa na kutii, yanagongana, na sijui njia ya kuyafundisha isipokuwa kuyafanyia mazoezi kila moja mahali pake, na watu tofauti. Kwa kaka yangu sasa anasimama vizuri. Mwezi huu tumemwomba dereva mmoja wa pikipiki, ambaye kijana hajamzoea, avae lile koti yeye.