Kidani cha bundi wa Athens kimepoteza weusi wake: je, fedha imeharibika?

SWALI: Fundi, salaam. Nilipokuwa Athens nilinunua kidani cha fedha chenye bundi upande mmoja, na upande wa pili uso wa mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Muuzaji alisema ni nakala ya sarafu ya kale ya Wagiriki, na kwenye kitanzi cha kupitishia mkufu kuna chapa ndogo ya 925. Kilikuwa na weusi katika sehemu zilizozama. Nilidhani ni uchafu, nikakitia katika maji ya moto yenye magadi na karatasi ya alumini kama nilivyoona mtandaoni, kikatoka cheupe kama bati na bundi haonekani vizuri tena. Je, nimeiharibu fedha? Weusi ule unaweza kurudi? Halafu si duara kamili, na sehemu ya kofia imekatika ukingoni. Hiyo ni kasoro ya fundi? Na nitajuaje kama ni fedha kweli? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Fedha yako iko salama, dada, kilichoondoka ni weusi peke yake. Weusi ule haukuwa uchafu bali ni kazi ya sonara. Kidani kikishasubiwa, yaani kumiminwa kwa fedha iliyoyeyushwa, na kusafishwa, sonara hukitumbukiza katika maji yenye mchanganyiko wa potasi na salfa, na uso wote huwa mweusi kwa sababu fedha imeungana na salfa. Kisha hung'arisha sehemu zilizoinuka, yaani manyoya, mdomo, macho na herufi, na kuacha weusi ukae katika mabonde. Picha ya ukubwa wa kucha haisomeki bila kivuli hicho, hasa ikiwa imechongwa kwa kina kidogo. Ulipokiweka juu ya alumini ndani ya maji ya moto yenye magadi, alumini iliipokonya fedha ile salfa, na fedha ikabaki pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana njia hiyo ni nafuu kuliko dawa ya meno au majivu, ambavyo hukwangua metali yenyewe na kufuta michoro polepole. Mng'ao umefifia kwa kuwa fedha iliyorudi hukaa juu kama utando mwembamba usio laini, na kitambaa cha kung'arishia kitautengeneza kwa dakika chache. Kuna na habari njema ndani ya tukio hilo: kama weusi ungekuwa rangi ya kupaka, kama ilivyo katika mapambo mengi ya bei rahisi, maji ya magadi na alumini yasingeuondoa kwa namna hiyo.

Kuurudisha ni kazi ndogo kwa sonara yeyote mwenye dawa ya salfa, na ningependelea umpelekee yeye, kwa sababu anajua kuusimamisha kabla haujawa mnene na kuanza kubanduka. Ukitaka kujaribu nyumbani, yai linatosha. Osha kidani kwa sabuni, kisuuze, kikaushe, na baada ya hapo ukishike kwa uzi au kitambaa, maana mafuta ya vidole huacha madoa. Chemsha yai mpaka kiini kiive kabisa, likate likiwa bado la moto, uliweke ndani ya chombo chenye mfuniko pamoja na kidani, visigusane. Hewa yenye salfa inayotoka kwenye kiini ndiyo ifanyayo kazi. Utaona rangi ikianza na umanjano wa dhahabu, ikaingia hudhurungi, kisha buluu iliyokolea, na mwisho nyeusi ya kijivu. Mara nyingine huchukua saa kadhaa. Ikikolea unavyotaka, kitoe, kisuuze, kikaushe, kisha sugua kwa kitambaa kilichokazwa juu ya kidole ili kiguse vilele tu na kisiingie mabondeni.

Kuhusu umbo, usimlaumu fundi. Kidani chako kimefuata sarafu ya Athens ya drakma nne, iliyotumika sana katika karne ya 5 Kabla ya Kristo, yenye uzito wa gramu 17.2 hivi na upana wa milimita 24 hivi. Mwanamke mwenye kofia ni Athena, mungu mlinzi wa mji, na bundi ni ndege wake. (Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, lakini kwa Waathene alikuwa dalili ya heri, na hata leo yumo kwenye sarafu ya euro moja ya Ugiriki.) Nyuma ya bundi tazama tawi la mzeituni, mti ambao kwa hadithi zao Athena aliuotesha aliposhindana na Poseidon, mungu wa bahari, kuugombea mji, kisha hilali ndogo, na upande wa pili herufi ΑΘΕ, mwanzo wa jina la Athens. Sarafu hizo zilipigwa kwa mkono. Muhuri wenye sura ya Athena ulikazwa kwenye fuawe, kipande cha fedha kikawekwa juu yake, na mfuaji akashika muhuri wa pili wenye bundi na kuupiga kwa nyundo. Muhuri wa juu ulikuwa na ncha ya mraba, na ule mraba uliozama kumzunguka bundi ni alama ya ncha hiyo. Kwa kuwa kipande cha fedha mara nyingi kilikuwa kidogo kuliko picha ya muhuri, na mkono haukulenga sawasawa kila mara, shungi la kofia ya Athena hukatika katika sarafu nyingi halisi. Binafsi huwa nashuku zaidi nakala iliyo duara kamili na yenye picha katikati barabara, kwani inaonyesha kwamba mchongaji hakutazama sarafu yenyewe kwa makini.

Utazame pia ukingo wake kwa kioo cha kukuzia. Vidani vingi vya aina hii husubiwa: hutengenezwa kalibu ya mpira, ikajazwa nta, nta ikazungushiwa plasta, ikayeyushwa itoke, na fedha ya moto ikamiminwa mahali pake. Kazi ya kusubu huacha mstari mwembamba ukingoni uliosawazishwa kwa tupa, vitundu vidogo vya hewa, na michoro iliyolegea kidogo, kwa mfano vidoti vya kifuani pa bundi kuungana kimoja na kingine. Kilichopigwa kwa muhuri huwa na kingo kali za herufi na uso uliobanana. Vyote ni halali kuuza kama nakala, ila cha kupigwa kina kazi kubwa zaidi na kinadumu zaidi, na bei yake inapaswa kusema hivyo.

Chapa ya 925 maana yake ni fedha asilimia 92.5, na sehemu iliyobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Fedha tupu ni laini mno kwa kitanzi kinachosuguana na mkufu kila siku. Shaba huipa ugumu, ingawa ndiyo pia inayoifanya iwahi kuwa nyeusi. Sarafu za Athens hazikuwa na chapa ya namna hiyo na fedha yake, iliyochimbwa Laurion kusini mwa Attica, eneo lenye mji wa Athens, ilikuwa safi kuliko 925. Kwa hiyo chapa pekee inatosha kukuhakikishia kwamba hukununua kitu cha kale.

Lakini chapa inaweza kugongwa juu ya shaba iliyochovywa fedha, kwa hiyo pima. Toa mkufu, pima kidani kwenye mizani ya sonara, kisha kining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chombo, upime tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Kidani cha gramu 17.2 kikipungua gramu 1.66 ndani ya maji, jibu ni 10.36, na hilo ndilo la fedha ya 925. Shaba ya njano hutoa takriban 8.5. Vitundu vya hewa katika kazi ya kusubu hushusha jibu kidogo, basi 10.2 isikutie hofu.

Huenda ulipokuwa ukitafuta kidani uliona pia mapambo yaliyopachikwa sarafu halisi za kale, kama yale yaliyoipa sifa Bulgari, nyumba ya sonara iliyoanzishwa Roma mwaka 1884 na mfua fedha Mgiriki aliyetoka Epirus, kaskazini magharibi mwa Ugiriki. Hizo zina kanuni nyingine. Masonara wa pwani yetu na wa Oman wamezoea kulehemu vitanzi kwenye riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, na fedha ile inavumilia. Fedha iliyokaa ardhini miaka 2,400 huweza kuwa imekatika kwa ndani, ikavunjika kwa joto au kwa kutobolewa, kwa hiyo hushikwa kwa fremu yenye mdomo unaokunjwa bila moto. Na Ugiriki ina Sheria namba 3028 ya mwaka 2002, ambayo haimruhusu mtu kutoka na kitu cha kale bila kibali. Cha kwako, kwa kuwa ni nakala, hakihusiki.

Weusi ukisharudi, usikichovye tena kidani katika dawa yoyote ya kusafishia. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha, kitambaa kikapita juu tu. Kivue unapofua kwa dawa ya klorini, na ukihifadhi katika mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na raba na sufu, kwani vyote viwili hutoa salfa na vitakitia weusi hata mahali usipoutaka.