Vijana wa nyumbani mlio jeshi la Marekani, flegi haingojei hukumu

Wiki hii nimepigiwa simu tena na kijana wa hapa Nakuru aliye jeshi la Marekani. Ana oda za kuhamishiwa Korea, kamanda wake ameanza kumchunguza, na gari ameshauza. Jameni! Nimechoka kusikia hii kitu, kwa hivyo nawaandikia nyote wadogo zangu, wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, mliopata grinkadi mkavaa kombati.

1. Flegi, yaani ile alama kwenye faili lako inayosimamisha mambo yako mazuri jeshini, inaingia uchunguzi ukianza. Unajiambia bado sijapatikana na hatia, wacha niendelee kupaki. Kamanda akishaweka ile fomu 268, promosheni imesimama, shule imesimama, kuongeza mkataba kumesimama, na uhamisho pia. Flegi ya kufeli PT (mtihani wa mazoezi) au ya uzito unaweza kuhama nayo. Ya uchunguzi huhami nayo.

2. Usidanganye. Nilikuwa sajenti wa kijana mmoja wa Kondele, speshalisti, mchapa kazi kweli kweli, ana oda za Ujerumani, bibi ameshaacha kazi, na nyumba wametoa notisi kwa kutumia hizo oda maana sheria inakuruhusu kuvunja lisi ukiwa nazo. Akaja Kisumu kumzika babake. Sasa mnajua matanga ya kwetu, mazishi yakasukumwa mbele kwa sababu kuna mjomba alikuwa bado njiani kutoka Mwanza na wazee wakakataa mzee azikwe kabla hajafika. Livu ikaisha kijana bado yuko chini ya hema anapokea wageni. Simu moja tu! Angenipigia hata saa nane usiku ningeamka, ningeongea na kapteni wetu tuombe aongezewe siku, na kuthibitisha msiba ni kitu Msalaba Mwekundu wanafanya kila siku. Akanyamaza. Akarudi amechelewa siku mbili, halafu akaleta meseji ya ndege kuahirishwa ambayo alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa simu, na kuigundua haikuwa kazi, shirika la ndege lilipigiwa tu. Kuchelewa peke yake kungeisha na kazi za ziada na kufokewa. Ule uongo ukawa shtaka la pili, Kifungu cha 107 cha sheria ya jeshi, kile cha kutoa taarifa ya uongo, na faili ikapanda kutoka kwa kapteni hadi kwa kamanda wa batalioni, na huko mambo ni mengine kabisa, maana kapteni mwisho wake ni siku 14 za kazi ya ziada lakini yule wa juu anaweza kukupa 45 na akate nusu mshahara miezi miwili. Akashushwa cheo. Oda za Ujerumani zikafutwa. Bibi hana kazi, nyumba imepewa mtu mwingine, vitu vimeshabebwa. Mtoto wa watu bado alikuwa anamlilia babake. Hiyo inaniuma mpaka leo.

3. Ukisomewa Kifungu cha 15, yaani adhabu ya kamanda bila mahakama, usisaini kabla hujaona wakili wa TDS, wale mawakili wa jeshi wa kutetea askari, ni bure, na kwa kawaida unapewa saa 48. Zitumie. Unaweza kukataa na kudai mahakama ya kijeshi lakini hilo usiamulie kwa grupu ya WhatsApp, muulize wakili, kwa sababu huko unaweza kutoka na rekodi ya jinai. Rufaa ni siku 5, na wikendi inahesabiwa.

4. Flegi haijitoi. Ukimaliza adhabu nenda S-1, ofisi ya makaratasi ya askari, uone kwa macho yako kama imeondolewa, nimeona watu wakikosa promosheni kwa adhabu waliyomaliza kitambo.

5. Hii ni ya sisi tusiozaliwa kule. Uraia uliopata kupitia jeshi unaweza kunyang'anywa ukiachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hujatumikia miaka 5 kwa heshima. Kwa hivyo kuna yule atakwambia kubali tu chapta (kuachishwa jeshi kabla ya muda), toka, utaanza maisha mapya Dallas. Yeye amezaliwa huko. Kabla ya kuweka sahihi muulize wakili swali moja: hii karatasi ya kutoka itaandikwa namna gani, na paspoti yangu itabaki?