Usiku ukumbini nabaki ISO 400 lakini chenga ziko palepale

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ndo naanza kupiga picha za harusi, nina Canon ya kawaida na ile lenzi yake ya 18-55. Mchana nje picha safi kabisa ila usiku ukumbini naweka ISO (ile namba ya kuongeza mwangaza wa picha ndani ya kamera) 400 maana niliambiwa ikipanda inaleta chenga, yani vile vidoti vidoti kwenye picha, sasa picha zinatoka giza, maharusi wakicheza wanakuwa ukungu mtupu, nikiongeza mwanga kwenye kompyuta chenga zinajaa vilevile. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Aliyekwambia hivyo alikwambia nusu. Chenga zinaletwa hasa na mwanga kidogo kuingia kwenye kamera, ndo maana ukibaki 400 afu ukanyanyua mwanga baadae zinatokea tu, na kama unapiga JPEG (picha ambayo kamera imeshaibana) ndo zinakuwa mbaya zaidi. Kinachokuharibia kazi ni shata, yani ule mlango wa kamera unaofunguka kupitisha mwanga, kuwa taratibu. Kila ukipandisha ISO mara mbili unaruhusiwa kupunguza muda wa shata kwa nusu, yani kama kwa 400 ulikuwa unapiga 1/15 ya sekunde, kwa 3200 unapata 1/125, hapo bibi harusi hata akigeuka ghafla sura inakaa vizuri. Chenga kwenye albamu wateja wengi hata hawazioni, ukungu wa mtu kutikisika hausafishiki.

Weka Tv kwenye kile kigurudumu cha juu (unachagua shata mwenyewe, mengine kamera inapanga), shata 1/125, ISO iache auto ila ingia kwenye menyu uweke kikomo 6400, au 3200 kama kamera ni ya zamani. Umeme wetu ni 50Hz, kwa hiyo ukiona mistari ya giza inayotokana na taa za LED jaribu 1/100.

Afu hiyo lenzi ukivuta mpaka 55 inaishia f/5.6 (namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa kubwa tundu ni dogo), mwanga unapungua zaidi ya nusu ukilinganisha na f/3.5 ya kule kwenye 18, bora usogee mwenyewe kwa miguu. Ukipata hela, kabla hujawaza kubadilisha kamera nunua 50mm f/1.8, mi naisisitiza sana hii kwa anayeanza, maana pale ulipokuwa unahitaji ISO 6400 kwa f/5.6 yenyewe inakushusha mpaka karibu na 640. Ila kwa f/1.8 fokasi iweke machoni, ukikosea kidogo tu inadaka sikio.

Mkitoka nje mchana rudisha ISO 100.