Maswali na Majibu: Mtoto Mdogo na Michezo ya Runinga

Wiki hii nimechagua barua zinazohusu watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza. Wanaoendelea kuuliza kama "runinga ni mbaya", bila kutaja umri wa mtoto wala kile anachokitazama, hawatajibiwa.

Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Akiwekewa mpira hutulia kabisa. Je, ni dalili ya kipaji? (Baba, Morogoro)

Hapana. Anafuata rangi na mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri skrini hata kidogo kwa umri huo. Mpe mpira wa soksi aufukuze.

Mtoto wangu wa miaka 4 hakubali kulala ninapotazama Ligi ya Mabingwa Ulaya. Anadai naye ni shabiki. (Baba, Tabata)

Mechi hizo nyingi huanza saa nne usiku kwa saa zetu, na Ulaya ikiingia majira ya baridi huanza saa tano, kwa hiyo filimbi ya mwisho hupulizwa karibu na saa saba. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Dakika 90 zimekwisha kuvuka kiwango hicho hata kabla ya kuhesabu mapumziko. Alale, na kesho yake mtazame mabao pamoja.

Ila nina neno nawe pia. Mtoto wa miaka 4 hajui kuotea ni nini. Kinachomkesha ni kelele zako na hisia kwamba kuna furaha nyumbani ambayo yeye ametengwa nayo. Kaa naye katika mechi ya mchana, kwa kipindi kimoja tu, umweleze nani anashambulia upande upi na kwa nini mwamuzi amesimamisha mchezo, na atakuwa amepata anachokitafuta. Mdomo nao uuchunge, kwa maana anayemsikia baba yake akimtukana mwamuzi kila Jumamosi hatakawia kumjaribu mwalimu wa chekechea.

Wanangu wa miaka 3 na 5 hupenda mieleka ya Marekani. Baba yao anasema ni maigizo, haina madhara. (Mama, Arusha)

Ni kweli kwamba matokeo hupangwa, na wanamieleka wale wamefunzwa namna ya kuanguka. Wanao hawajafunzwa. Izimeni.

Mwanangu wa miaka 5 ameshika wimbo wa tangazo la kubeti. Nizuie mechi zote? (Mama, Mwanza)

Usizuie mechi. Zima sauti wakati wa mapumziko na umtoe nje acheze dakika hizo 15. Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini nembo iliyo kifuani mwa mchezaji haimuulizi mtazamaji umri wake. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana mwaka 2023 kuondoa nembo za kamari kifuani mwa jezi mwishoni mwa msimu wa 2025/26, ingawa mikono ya jezi haikuguswa, na Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwaka 2025. Ningependa kuona hatua kama hizo hapa kwetu. Hata hivyo, tangazo ni mwalimu dhaifu likilinganishwa na mzazi anayenuna timu yake inapofunga kwa sababu mkeka umechanika. Kama simu ya kubeti iko mkononi mwako, usinilalamikie wimbo.

Mtoto wa miaka 5 aliona mchezaji akianguka na kupoteza fahamu, sasa anaogopa kucheza. (Mlezi, Tanga)

Usimwambie kwamba hakuna kilichotokea, maana ameona. Mweleze kwa maneno machache kuhusu Christian Eriksen wa Denmark, ambaye moyo wake ulisimama uwanjani Juni 2021, akahudumiwa palepale, na Februari 2022 akawa anacheza tena, safari hii akiwa Brentford. Siku nyingine marudio yakianza, zima runinga. Mtoto mdogo huweza kudhani kila marudio ni tukio jipya.

Mume wangu humfukuza binti yetu wa miaka 4 sebuleni, akisema michezo si ya wasichana. (Mama, Dodoma)

Mume wako amekosea. Mwekeeni mbio za Faith Kipyegon, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki tatu mfululizo, kuanzia Rio mwaka 2016 hadi Paris mwaka 2024. Mbio hizo huisha kwa takribani dakika nne, na kwa umri wake zinamfaa kuliko mechi yoyote ambayo baba yake anaing'ang'ania.

Naweza kumpeleka mtoto wa miaka 3 kibanda umiza siku ya Simba na Yanga, tukiwahi viti vya mbele? (Baba, Mbagala)

Hapana. Na viti vya mbele ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa mlango uko nyuma.