Kabla ya kioo na chipu, nionyeshe gemu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama konsoli mpya ya mkononi, yaani mashine ndogo ya kuchezea gemu, ina nafasi yoyote sokoni wakati wapinzani wake wamekwisha kujichimbia. Nafasi ipo, ila ni finyu, na wengi wanaoipima huanzia pasipofaa. Wanahesabu nguvu ya chipu, ung'avu wa kioo na ukubwa wa memori. Mimi huuliza kwanza: anayeinunua leo atacheza nini usiku huohuo, bila kulipia upya gemu alizokwisha kuzilipia?

Tazameni yaliyoipata WonderSwan, konsoli ya mkononi ya kampuni ya Bandai. Ilitoka Japani mwaka 1999, na kati ya walioibuni alikuwamo Gunpei Yokoi, yuleyule aliyeongoza uundaji wa Game Boy, konsoli ya mkononi ya Nintendo ya 1989. (Alifariki 1997, hakuiona ikiingia madukani.) Ilikuwa ya bei nafuu, nyepesi, na ilitumia betri moja tu ndogo. Hata Square, kampuni ya kutengeneza gemu, ambao wakati huo walikuwa hawaelewani na Nintendo, waliipelekea gemu za Final Fantasy. Kwa sifa hizo ungedhani imeshinda. Mwaka 2001 Nintendo wakatoa Game Boy Advance, yenye nguvu zaidi, na iliyokubali katriji (vibweta vya gemu) za Game Boy zilizotangulia. Aliyekuwa na droo nzima ya katriji hizo angehama kwa sababu gani? Square nao wakapatana na Nintendo, na baada ya miaka michache Bandai wakaachana na konsoli yao.

Najua kuna watakaonitajia PSP, konsoli ya mkononi ya Sony. Ni kweli, Sony waliingia uwanjani mwishoni mwa 2004 na kuuza karibu milioni 80, na hakuna mgeni mwingine aliyewahi kufika huko. Lakini ule ulikuwa ugeni wa jina tu. Walikuja na miaka kumi ya PlayStation, konsoli yao ya sebuleni, mgongoni na watengenezaji gemu waliokwisha kuwazoea, na bado Nintendo DS iliwapita kwa kuvuka milioni 150. Kisha Sony wakaleta PlayStation Vita mwaka 2011, mashine nzuri kupita mtangulizi wake kwa kila hali, lakini isiyo na pa kuingizia diski za PSP, na iliyotaka memori kadi za Sony peke yake, tena ghali. Monster Hunter, gemu iliyoibeba PSP kule Japani, ikahamia kwa Nintendo 3DS. Kwa makadirio yaliyopo, Vita haikufikisha hata robo ya mauzo ya PSP.

Hiyo 3DS yenyewe ilianza vibaya. Ilizinduliwa Marekani kwa dola 250, na kabla ya miezi sita Nintendo wakaishusha hadi 170. Hapa ndipo ninapowaonea huruma kampuni changa: mkubwa akijikwaa ana akiba ya kununulia muda. Mdogo akipunguza bei kwa kiasi hicho, amefilisika. Nokia walikuwa na akiba kubwa walipoleta N-Gage mwaka 2003, lakini simu ya gemu inayokulazimu kuchomoa betri ili ubadilishe gemu haiokolewi na akiba yoyote.

Mlango uliobaki wazi ulionyeshwa na Valve mwaka 2022. Steam Deck ilianzia dola 399 na haikumtaka mtu aanze upya, kwa kuwa gemu alizonunua Steam, duka la mtandaoni la Valve, kwa ajili ya kompyuta yake zilikuwa zikimsubiri, nyingi zikiwa tayari kuchezwa. Imeuza mamilioni kadhaa, si mamia ya mamilioni, na hicho ndicho kipimo cha haki kwa mgeni. Anayetangaza kwamba atamng'oa Nintendo anajidanganya: Switch 2 ilizinduliwa Juni 2025 kwa dola 450, ikauza zaidi ya milioni 3.5 katika siku nne, na gemu nyingi za Switch ya kwanza zinachezeka humo.

Kwa hiyo konsoli mpya ikija na mfumo ulio wazi, unaosoma maktaba za gemu ambazo watu tayari wanazo, na betri isiyokata roho katikati ya safari, naipa nafasi ya kuishi kwa kipato cha wastani. Ikija na duka lake jipya lenye gemu chache za uzinduzi na ahadi za mwaka ujao, pesa yangu itasubiri huo mwaka ujao.