Kufolo na kuanfolo: anza na databesi, batani baadaye

Wadau, kama unaongeza kufolo na kuanfolo kwenye mfumo wako, nakuomba usianze na batani. Najua batani ndo inavutia, inabadilika rangi, mteja anaiona, ila kazi yenyewe iko kwenye databesi.

Mi natumia Django (fremuweki ya Python ya kutengeneza tovuti) na kila mradi naweka tebo ya peke yake yenye kolamu mbili za maana, mfuasi na anayefuatwa, zote zinaelekea kwenye tebo ileile ya watumiaji, basi. Ukiamua kutumia ManyToManyField ya 'self' (fildi ya Django inayounganisha watumiaji na watumiaji wenzao) andika symmetrical=False, maana bila hiyo Django inachukulia ni urafiki wa pande mbili, yaani Asha akimfolo Juma basi na Juma anahesabika kamfolo Asha, na hutaona eror yoyote.

Halafu weka UniqueConstraint, yaani sharti la databesi kwamba jozi ileile isijirudie, kwenye hizo kolamu mbili kwa pamoja, hapa sibishani na mtu. Mtandao wetu mnaujua, mtu yuko kwenye daladala, neti inasuasua, anabonyeza haoni kitu anabonyeza tena, rikwesti mbili zinafika seva karibu kwa pamoja, na hata kama programu yako inaangalia kwanza kama rekodi ipo, zote mbili zinaweza kukuta haipo na zote zikaingiza. Databesi ndo itaikataa ya pili. Ongeza na CheckConstraint (sharti la kukagua rekodi inapoingia) ili mtu asijifolo mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi anwani moja ya seva (endpoint) inayogeuza tu hali, kwani akibonyeza mara mbili anafolo na kuanfolo papo hapo anabaki alipokuwa. Kufolo iwe rikwesti ya HTTP aina ya POST, kuanfolo iwe DELETE, ikirudiwa jibu liwe lilelile. GET, ile ya kufungua linki tu, usiguse kabisa kwa kazi hii, kuna vitu vinafungua linki vyenyewe bila mtu kubonyeza.

Ukionyesha orodha ya watu 50 usiulize databesi mara 50 kama huyu namfolo, vuta aidi zote kwa kweri moja. Idadi ya wafuasi hesabu kwa COUNT tu, ForeignKey ya Django (ndo hizo kolamu zinazoelekea tebo ya watumiaji) inakuja na indeksi yake ya kuharakisha utafutaji.

Na arifa jamani, mtu akianfolo usimtangaze, aondoke kwa amani yake, na akirudi kufolo angalia kwanza kama arifa ilishatumwa, la sivyo kuna watu watafolo na kuanfolo siku nzima ili simu ya mwenzao ilie.