Pampu ya hewa ikilia, usikimbilie spana

Wadogo zangu wa gereji, leo nina hasira kidogo, lakini ni hasira ya nyumbani. Kijana mmoja hapa (simtaji, anajijua) alipokea gari la spoti la viti viwili, malalamiko ya mteja ni mlio mkali asubuhi. Akaliwasha, likalia kweli. Akachukua dawa ya kupuliza, akaimwagia mkanda wa alternata. Haikuchukua muda kelele zikakatika. Akafunga kila kitu, akaandika kwenye karatasi ya kazi: "Mkanda, tayari." Pampu ya hewa ya gari lile (ile inayopuliza hewa kwenye ekzosi kusafisha moshi, si ya matairi) ni ya umeme, mkanda hauijui wala yenyewe haiujui mkanda. Kelele zilikatika kwa sababu kompyuta ya injini iliizima pampu, kama inavyofanya kila asubuhi. Kesho yake mteja alifika gereji kabla yetu.

Basi tusikilizane.

1. Uliza kelele zinaanza lini na zinaisha lini. Injini ikiwa baridi inachoma mchanganyiko wenye petroli nyingi, na katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, bado haijapata moto wa kufanya kazi. Pampu inasukuma hewa safi kwenye milango ya ekzosi ili petroli iliyobaki iungulie humo, na joto hilo liiamshe katalisti mapema. Kazi hiyo kwa kawaida haizidi dakika moja na nusu hivi. Kwa hiyo mlio unaoanza na ufunguo ukafa wenyewe gari likiwa limesimama palepale, mshukiwa wa kwanza unaye. Mlio unaofuata mwendo wa injini na usiokoma ni habari nyingine. Na pampu nzima nayo ina sauti: inavuma kama draya ya saluni. Usimbadilishie mtu pampu kwa kosa la kuvuma.

2. Chomoa relei. Gari likiwa baridi, toa relei ya pampu, yaani swichi yake ya umeme, washa. Kukiwa kimya, umemjua anayelia bila kufungua bolti hata moja. Kelele zikibaki, nenda kwenye beringi za mikanda na uache pampu ya watu.

3. Pampu haijiui, inauawa. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa tayari najiita fundi. Ikaja gari ya injini ya katikati, ile ambayo kuifikia pampu ni nusu ya kazi yenyewe, mkono unaingia hadi kwapani na jicho halioni kitu. Pampu ilikuwa inapiga yowe la chuma kwa chuma. Nikaitoa. Nilipoigeuza, yakamwagika maji ya rangi ya chai iliyokolea, yenye unga wa kutu, yakanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Mnajua nilifanya nini? Nilijifuta na kitambaa. Sikujiuliza maji yale yameingiaje ndani ya kitu ambacho kazi yake ni kunyonya hewa. Nikafunga pampu mpya, ikavuma vizuri, nikamkabidhi mteja gari kifua mbele.

Gari ikarudi, yowe lilelile. Nami, badala ya kufikiri, nikamvaa muuza vipuri. Nilimwambia maneno ambayo hata leo nikipita dukani kwake nasalimia nikiwa nimeinamisha uso. Nikadai ameniuzia pampu mbovu, naye kwa uungwana wake akataka kunibadilishia. Fundi mkuu alikuwa anasikiliza tu. Akaniambia, "Njoo kwanza." Akawasha injini, akasubiri ipate moto na pampu izime, kisha akachomoa hosi upande wa valvu ya kuzuia moshi. "Weka kiganja." Nikaweka. Valvu ilikuwa inanipumulia moshi, pu, pu, pu, wenye unyevunyevu. Akaninyooshea ile hosi nichungulie: ndani nyeusi tii kwa masizi. Hosi ambayo inatakiwa kupitisha hewa safi tu! Nilikuwa nimeishika mwenyewe nilipofunga pampu mpya, nikaibana klipu bila kuichungulia.

Valvu ile inapitisha hewa kwenda upande mmoja. Ikila kutu au ikishindwa kufunga, moshi unarudi nyuma, na moshi una mvuke. Gari likilala, mvuke unakuwa maji ndani ya pampu, beringi zinaota kutu, kesho yake ni yowe. Kwa hiyo pampu mpya niliyofunga nilikuwa nimeitia kaburini kwa mikono yangu. Ya pili ilikatwa kwenye mshahara wangu, na kwa muuza vipuri nilikwenda kuomba radhi kwa miguu.

Tangu hapo hakuna pampu inayoingia kwenye gari mbele yangu bila hosi kuchunguliwa. Masizi au mpira ulioungua, valvu inabadilishwa pamoja na pampu. Nazo valvu zinazofunguliwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa) zipimwe kwa pampu ya mkono: bila vakyumu zisipitishe kitu, ukivuta zifunguke.

4. Muuaji wa pili ni relei iliyoganda. Pampu hizi hazikuumbwa kuzunguka safari nzima. Ikiendelea kulia injini imeshapata moto, au ikalia hata ufunguo umetolewa, relei imeng'ang'ania, pampu inapikika huko. Badilisha relei, halafu ndiyo uisikilize pampu.

5. Kodi za hitilafu za kompyuta ya gari zinasema, ila mzisikilize vizuri. P0491 na P0492 zikija pamoja, hewa haifiki pande zote mbili za injini, basi tafuta kitu cha pamoja: pampu, hosi kuu, fyuzi. Ikija moja tu, angalia valvu ya upande huo au njia zake zilizozibwa na kaboni. P0418 ni umeme wa relei. Hakuna kodi inayosema "beringi inalia"; hilo ni la masikio yako.

6. Pampu za mkanda, msizisahau. Mfumo huu ulianza kuonekana kwenye magari ya Marekani ya mwaka 1966 kule California, na kwa miaka mingi pampu ilizungushwa na mkanda. Mazda RX-7 mtazikuta nazo. Hapa legeza mkanda, uzungushe puli kwa mkono: ukwaruzo wa beringi mtausikia hadi kwenye vidole, lakini mlio mdogo wa bapa za ndani kwenye pampu mpya ni wa kawaida, utaisha bapa zikizoea. Msitie oili ndani, hata tone. Msibane ganda kwenye jiriwa, wala msilikandamize kwa nondo mkikaza mkanda, ni alumini hiyo. Ukisikia "sss" dereva akiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta ghafla, ni valvu inatupa hewa nje ili ekzosi isipige mlipuko, ni salama. "Sss" ya muda wote ni uvujaji, paka maji ya sabuni.

Na wale wanaoshauri "itoe tu, uzibe": kwenye baadhi ya RX-7 mkanda wa pampu hiyo unasaidia kuzungusha pampu ya maji. Ukiutoa, mkanda uliobaki unateleza injini ikipanda, gari linachemsha. Halafu kuna ukaguzi wa moshi, ambao hautakuuliza kama ulishauriwa na rafiki.

7. Kujaribu pampu mezani: waya mnene, fyuzi katikati, sekunde chache, zima. Inavuta ampea nyingi, si taa ya kusomea.

8. Ukimaliza, gari lilale gereji. Injini ikiwa na moto mfumo hauamki, kwa hiyo kuwasha jioni hakuthibitishi lolote. Asubuhi washa mwenyewe, simama karibu na pampu, subiri mpaka izime, ndipo umpigie mteja. Akinuna kwa sababu amekosa gari usiku mmoja, mwache anune.